Namna ya Kuchagua Runinga Janja Kabla ya Kutoa Fedha

Wanunuzi wengi huingia kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, wakiwa na maswali mawili tu: inchi ngapi na bei gani. Maswali hayo hayana ubaya, lakini yanapaswa kutanguliwa na jingine, nalo ni namna vipindi unavyovipenda vitakavyoifikia hiyo runinga. Anayefuatilia Ligi Kuu ya Tanzania Bara kupitia Azam TV atategemea king'amuzi, na mambo ya mtandao kwake ni ya ziada. Mwenye watoto wanaoshinda YouTube anahitaji intaneti ya kudumu. Na yupo ambaye filamu zake zote zimo kwenye flashi, hivyo tundu la USB linalosoma mafaili ya aina nyingi litamfaa kuliko programu 50 ambazo hatazifungua.

Kwa anayetaka chaneli za bure, atazame kwanza kama runinga ina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake. Huo ndio mfumo wa matangazo ya kidijitali ya ardhini uliotumika Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, na runinga yenye kipokezi hicho huweza kunasa chaneli za bure kwa antena peke yake, bila king'amuzi cha pembeni. Hapa ndipo runinga za mtumba zinapowaponza watu: iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia mfumo mwingine wa matangazo na umeme wa volti 100, kwa hiyo hata ikiwa na picha safi, haitanasa chaneli za hapa, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 huenda ikaungua.

Sasa tuje kwenye huo ujanja wenyewe, yaani uwezo wa runinga kuingia mtandaoni na kufungua programu, kwa kuwa ndio unaouza runinga siku hizi. Kioo kizuri kinaweza kudumu miaka kumi, lakini mfumo endeshi ulio ndani, yaani programu kuu inayoiendesha runinga, huzeeka mapema zaidi, kwa sababu kampuni za programu huacha kuhudumia mifumo ya zamani. Mwezi Desemba 2019, kwa mfano, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, ingawa vioo vyake vilikuwa bado vizima. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, fedha iende kwenye ubora wa kioo, na ujanja uwe jambo la pili. Ukichakaa, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI kitaurudisha kwa gharama ndogo, ilhali kioo kibovu hakina dawa.

Mifumo inayojulikana ni Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG na VIDAA inayotumiwa na Hisense. Zipo pia runinga za bei nafuu zinazotangazwa kuwa ni za Android, kumbe ndani yake mna Android ya kawaida isiyo na idhini ya Google kwa ajili ya runinga. Kuzitambua si kazi ngumu. Mwombe muuzaji aiunganishe na intaneti ya simu yako, kisha afungue Netflix: ikiwa programu inafunguka kwa sura ya simu na inabidi kusogeza kimshale kwa rimoti ili kubonyeza kitu, ujue hiyo si programu ya runinga, na hata ikicheza, picha itakuwa hafifu.

Ukiwa bado dukani, usihukumu picha kwa video ile ya maua na samaki wa rangi, kwani imetengenezwa ili kila runinga ipendeze. Omba uonyeshwe mpira kupitia king'amuzi, utazame kama mpira unaacha mkia unapopigwa kwa kasi. Weka picha nyeupe tupu kutoka kwenye flashi yako ili kutafuta vidoa, halafu nyeusi tupu ili kuona kama mwanga unavuja pembeni. Maneno ya kwenye boksi nayo yasomwe kwa makini: 4K halisi ni nukta 3840 kwa 2160, lakini boksi huweza kutaja 4K kwa maana tu kwamba runinga inapokea video ya aina hiyo, huku kioo chenyewe kikiwa cha nukta 1366 kwa 768. Kwa inchi 32 hilo halina madhara makubwa. Kwa inchi 55 utaliona kila siku.

Gharama ya intaneti ndiyo husahauliwa kuliko zote. Kwa vipimo vya Netflix, 4K huhitaji kasi ya megabiti 15 kwa sekunde na hula hadi GB 7 kwa saa, wakati picha ya HD hula hadi GB 3. Familia inayotazama saa mbili kila usiku kwa HD itafikia GB 180 kwa mwezi, kiasi ambacho bando la simu haliwezi kukihimili bila kuumiza mfuko. Asiye na intaneti ya mwezi isiyo na kikomo apunguze ubora wa picha kwenye mipangilio ya programu, au apakue kwa simu pale penye Wi-Fi.

Kuhusu umeme, nunua kilinzi cha volti siku hiyo hiyo, kile kinachosubiri dakika chache umeme unaporudi kabla ya kuuruhusu upite, na uchague chenye uwezo wa kubeba king'amuzi pia.

Sauti ya runinga nyembamba kwa kawaida ni dhaifu, na wengi wetu huiunganisha na sabufa. Kagua matundu kabla ya kulipa: sabufa nyingi za nyumbani hupokea waya mwekundu na mweupe, na baadhi ya runinga mpya zina HDMI na tundu la sauti inayopita kwa mwanga (optical) pekee, hivyo utalazimika kuongeza kigeuzi.

Wakati wa kuisafirisha, runinga ibebwe ikiwa imesimama, isilazwe kwenye kiti cha bajaji, maana vioo vingi hupasukia njiani. Ukifika, iwashe siku hiyo hiyo ukiwa na risiti yenye namba ya kifaa, na boksi usilitupe hadi muda wa kurudisha uishe, kwa kuwa wauzaji wengi hawapokei runinga iliyokosa boksi lake.