Ingia kwenye kazi za filamu kupitia sauti: hatua kwa hatua kwa anayeanzia Dar

Nimekuwa nikimwelekeza kijana mmoja anayetaka kazi kwenye tamthilia, na maswali yake ndiyo ninayoulizwa na wengi. Nayaweka hapa pamoja.

1. Usianzie kwenye kamera

Foleni ya wanaotaka kuigiza, kuongoza na kushika kamera ni ndefu, na nafasi nyingi huishia kwa wanaofahamiana. Mtu wa sauti anatafutwa. Tamthilia za chaneli kama Sinema Zetu au Maisha Magic Bongo hurekodiwa mbiombio, na maneno yaliyozama kwenye kelele hayaokoleki kirahisi kama picha yenye giza. TaSUBa, yaani taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha fani hizi. Ukipata nafasi, nenda. Ila usikae nyumbani ukisubiri cheti. Kwenye seti utaulizwa umefanya kazi na nani.

2. Vifaa

Hedifoni za kufunika sikio zima, za waya. Za Bluetooth ziache, sauti yake inachelewa. Kinasa sauti cha mkononi, Zoom H4n ya mtumba, kinatosha kuanzia kwa sababu kinapokea maiki mbili za XLR, yaani plagi ya pini tatu ya maiki za kazi. Kwenye mpangilio wa ubora wa sauti weka 48 kHz, biti 24, usiguse tena.

3. Mikono

Funga chupa ya maji ya nusu lita kwenye ncha ya fagio refu la utando, liinue juu ya kichwa, ukae hivyo dakika tano. Rudia kila siku mpaka ncha iache kutetemeka. Hilo ndilo zoezi la bumu, ule mti mrefu unaobeba maiki juu ya vichwa vya waigizaji.

4. Nyumba mnayorekodia

Hapa ndipo siku nzima inapotea, kwa hiyo soma polepole.

Fika mapema, vaa hedifoni, simama katikati ya chumba, fumba macho usikilize dakika moja. Utasikia pangaboi, friji, pampu ya maji, kunguru. Pangaboi likizimwa waigizaji wanatoka jasho na mekapu inayeyuka, kwa hiyo kubaliana mapema na msaidizi wa dairekta: lizimwe kabla ya kila teki, yaani kila mara tukio linaporekodiwa, liwashwe mara dairekta akisema kata. Friji izime kwenye soketi, halafu weka simu yako au funguo ndani yake. Hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Samaki wa mwenye nyumba wakioza, hamtakaribishwa tena.

Saa za swala za siku hiyo zijue, na ratiba ipite pembeni yake. Misikiti ya jirani haiadhini kwa wakati mmoja, basi acha nafasi ya kutosha. Huo ndio muda mzuri wa kubadili taa.

Umeme ukikatika, jenereta likae upande wa pili wa nyumba, ukuta wa matofali ukiwa katikati. Lakini angalia waya wake mrefu: ukilala sambamba na nyaya za maiki utakuletea mvumo mzito ambao mhariri atahangaika nao. Nyaya zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Mvua ikipiga bati, msibishane nayo. Waketishe waigizaji kwenye gari lililoegeshwa mbali na bati, vioo juu, warudie maneno yao ukiwarekodi, wakati bado wanakumbuka kasi waliyoigizia.

Maiki ya kifuani mimi siipendi, bumu linanipa sauti ya mtu na chumba chake. Ukilazimika kuitumia, uliza mavazi siku moja kabla. Khanga mpya ambayo haijafuliwa ina wanga, na kila mwigizaji anapopumua inakwaruza maiki: kra, kra, kra. Mwombe mtu wa mavazi aifue kwanza.

Mwisho kabisa, rekodi ukimya wa chumba, bila neno lolote, kwa sekunde 30, watu wote wakiwa bado ndani, wametulia. Mhariri anaziba nayo mapengo kati ya maneno. Wote watakuwa na haraka ya kula. Simama imara, omba kabla dairekta hajasema tumemaliza. Watu wakishatoka chumba kinalia tofauti, na rekodi hiyo haitafanana tena na tukio lenu.

5. Mafaili

Jina la faili libebe namba ya tukio na teki kama zilivyo kwenye klapa, kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera kabla ya kuigiza. Nakili kwenye diski mbili, sikiliza, ndipo ufute kadi.

6. Kazi ya kwanza na malipo

Anza na filamu fupi za wanafunzi, na ukiweza nenda ZIFF, tamasha la filamu linalofanyika Zanzibar tangu 1998, ukutane na watu wa mikoa na nchi nyingine. Kibali kutoka Bodi ya Filamu ni jukumu la projusa, yaani mtayarishaji wa filamu, lakini uliza kama kipo kabla hujabeba vifaa. Makubaliano yawe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: siku ngapi, kiasi gani, tarehe ya kulipwa, chakula, na nauli ya kurudi usiku mkichelewa kumaliza. Na kama vifaa ni vyako, vitoze peke yake. Ukivichanganya na ujira wako tangu kazi ya kwanza, projusa yule yule atashangaa ukividai kwenye ya pili.