Chora mipaka ya 1947, 1949 na 1967 kwa mkono: njia ninayotumia darasani

Kila nikifika kwenye mada ya Israel na Palestina, darasa linagawanyika kabla sijaandika hata tarehe. Kwa hiyo siku hizi naanza na ramani.

Tafuta ramani tupu ya Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza, kati ya Mto Yordani na Mediterania, yenye nafasi ya Sinai na Golan pembeni. Bana juu yake karatasi tatu nyepesi zinazoonyesha kilicho chini, ukichora moja moja.

Ya kwanza ni ya 29 Novemba 1947. Umoja wa Mataifa ulipitisha mgawanyo kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Paka vipande vitatu vya dola ya Kiyahudi, vitatu vya dola ya Kiarabu, kisha Yafa, mji wa Waarabu uliozungukwa na dola ya Kiyahudi. Yerusalemu na Bethlehemu ziache nyeupe, kwani zilitengewa usimamizi wa kimataifa. Andika pembeni: Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi, wakapangiwa zaidi ya nusu ya ardhi. Viongozi wao walikubali. Wa Waarabu walikataa. Usiiache karatasi hii haraka.

Ya pili ni ya baada ya vita vya 1948 kati ya Israel na majirani zake Waarabu, mikataba ya kusitisha mapigano ya 1949. Israel ina takriban asilimia 78, Jordan ina Ukingo wa Magharibi, Misri ina Gaza. Wapalestina wapatao 700,000 wamekimbia au wamefukuzwa, nao Wayahudi wa Mji Mkongwe wa Yerusalemu wametolewa makwao.

Hapa mpe mwanafunzi penseli nene. Novemba 1948, makamanda wa pande mbili za Yerusalemu, Moshe Dayan wa Israel na Abdullah el-Tell wa Jordan, walichora mistari yao juu ya ramani ya 1:20,000 (milimita 1 ni mita 20), mmoja kwa kijani, mwingine kwa nyekundu. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza nyumba iliyo chini ya mstari ni ya nani. Nikamwambia achukue rula. Upana wa milimita 3 ni mita 60 za mtaa wa watu, na mitaa hiyo iligombaniwa kwa miaka. Kisha mwonyeshe kijiji cha Beit Safafa, kusini mwa mji: Israel ilibaki na reli ya kwenda Yafa, uzio ukapita katikati ya kijiji, ndugu wakawa nchi mbili.

Karatasi ya tatu, Juni 1967, ni nyepesi kuchora. Tumia michirizi badala ya rangi nzima, maana ni ardhi iliyokaliwa na Israel kivita: Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu Mashariki, Gaza, Golan, Sinai. Sinai ifute baadaye. Ilirudi Misri 1982. Mstari wa 1949 uache kwa nukta, kwa sababu wapatanishi bado wanaurejelea.

Mwisho bandika zote tatu dirishani, jua likipita. Waambie watafute Yafa.