Sukari baada ya kula: jinsi ya kupima na kuelewa namba unayoiona

Wengi wanaokuja kliniki wakiwa wameshtuka wamepima mara moja tu, nusu saa baada ya kula ugali, mashine ya kupima sukari ikasoma 9 (kwa mmol/L). Namba hiyo, kwa muda huo, inaweza kuonekana hata kwa mtu asiye na kisukari. Kabla hujaogopa, pima hivi.

1. Tazama saa unapotia tonge la kwanza mdomoni, si unapomaliza kula. Ukianza saa saba kamili mchana, pima saa tisa. Katikati hapo usiongeze soda, matunda wala chai ya sukari.

2. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Hili watu hulipuuza mno. Umetoka kumenya embe, utomvu wake umebaki kidoleni: mashine inaweza kusoma 13 wakati damu yako iko 7. Kufuta kwa pamba ya spiriti peke yake hakutoshi kuiondoa sukari hiyo.

3. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana kama katikati. Usikikamue kwa nguvu. Stripu, yaani vijikaratasi vya kupimia, ziwe hazijapita muda wake, na kopo lake lifungwe kila mara.

4. Angalia kizio kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine, mg/dL au mmol/L. Kama ni mg/dL, gawa kwa 18 upate mmol/L, ambayo ndiyo ninayotumia hapa. Kwa hiyo 140 ni kama 7.8 tu.

5. Sasa linganisha. Masaa mawili baada ya kula:
- chini ya 7.8: kawaida
- 7.8 hadi 11.0: iko juu, ifuatiliwe
- 11.1 au zaidi: nenda ukapimwe hospitali

Mipaka hii asili yake ni kipimo cha maabara ambacho mtu hunyweshwa gramu 75 za glukosi, si sahani ya pilau. Tena mashine ya nyumbani, hata iliyo nzuri, inaweza kupotoka kwa asilimia 15: 8 yako huenda ni 7 na kitu, au 9. Ndiyo maana simwambii mtu ana kisukari kwa namba ya nyumbani.

6. Rudia siku kadhaa, uandike saa, namba, na ulichokula na kiasi chake. Daftari hilo njoo nalo.

7. Thibitisha maabara. Asubuhi, ukiwa hujala kwa masaa nane au zaidi, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari; kwa HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ni asilimia 6.5 na kuendelea. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa kabla ya kukupa jibu. Mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema, kwa sababu HbA1c inaweza kumdanganya. Mjamzito ana mipaka yake, aende kliniki ya wajawazito.

Ila ukiona namba kubwa pamoja na kiu kali, kutapika, kuhema kwa kasi au kuchanganyikiwa, au mashine ikiandika HI (sukari imepita kiwango inachoweza kusoma), achana na daftari. Nenda hospitali saa hiyohiyo.