Kabla Mgonjwa Hajarudi Nyumbani na Mpira wa Kulishia

Ukiambiwa mgonjwa wako atarudi nyumbani na mpira wa puani, usitoke wodini mpaka wewe utakayemlisha uwe umemlisha mara kadhaa mbele ya muuguzi. Kutazama hakutoshi. Kwa wanaoishi Kojani au Makangale, kule Pemba, kosa la usiku ni safari ndefu ya hospitali.

Kubwa kuliko yote ni kujua mpira uko wapi. Muuguzi huupima toka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe cha moyo. Urefu huo ndio unaoufikisha tumboni. Pale unapotokea puani pawe na alama ya wino, na sentimita zake ziandikwe daftarini. Itazame alama hiyo kila unapotaka kulisha. Ikiwa imesogea, au mgonjwa ametapika au amekohoa sana, usitie kitu, hata maji, maana uji ukishuka mapafuni unaweza kuua. Omba pia karatasi za kupimia asidi: vuta maji kidogo ya tumboni kwa bomba la sindano, dondoshea karatasi, usome kama ni 5.5 au chini, dalili kwamba mpira uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kusikuridhishe. Mlio husikika hata mpira ukiwa sipo.

Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, ukichomoka nirudishe?" Hapana, bibi. Usiurudishe, mlete mgonjwa hospitali.

Kitanda nacho kitazamwe mapema. Cha kamba hubonyea, mito ikazama, na mgonjwa anatakiwa ainuliwe kichwa na kifua nyuzi 30 hadi 45 anapolishwa na kama saa moja baadaye. Tafuteni ubao wa kumwegemeza.

Uji uwe mwepesi. Kifumbu cha tui hupitisha chenga, na chenga huziba mpira, kwa hiyo uchuje tena kwa kitambaa safi. Mtu mzima apitishiwe maji safi mililita 30 kabla na baada ya chakula. Dawa zisichanganywe na uji, na ulizeni vidonge gani havisagwi. Mtaalamu wa lishe awaandikie kiasi na saa. Mdomo usafishwe kila siku ingawa hauli.

Ikiwa Ramadhani imekaribia, kubalianeni mapema nani atawasha jiko saa sita mchana.