Ukiwa Guangzhou kufata mzigo, tenga asubuhi moja uende Liurong

Wengi wetu wafanyabiashara tukifika Guangzhou, China, ni Xiaobei, ule mtaa wenye Waafrika wengi, sokoni, kwa wakala wa mizigo, hotelini, siku zimeisha unarudi nyumbani. Safari hii wakati unasubiri kontena lijae nenda Liurong, hekalu la Wabudha lililoanzishwa mwaka 537, na liko katikati ya mji kabisa, maghorofa yamelizunguka.

Kufika ni rahisi. Pale Xiaobei panda metro laini ya 5, kituo kimoja tu unashuka stesheni kuu ya treni, unahamia laini ya 2 mpaka Gongyuanqian, hapo laini ya 1 kituo kimoja tena unashuka Ximenkou, kinachobaki ni mguu. Beba paspoti. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kichina (kalenda yao ya mwandamo) watu wanajaa hatari, kama hupendi kubanana zikwepe.

Funika mabega na magoti. Viatu huvui kama kule Thailand, ila kile kizingiti cha mlangoni usikikanyage, kivuke, na pitia mlango wa pembeni. Picha piga nje, ukiingia kwenye masanamu simu mfukoni.

Udi sio lazima uchome. Mimi mara ya kwanza nilisimama pembeni nikamwangalia bibi mmoja, ana vijiti vitatu, akawasha, moto uliposhika akaupunga kwa mkono mpaka ukazima maana kupuliza kwa mdomo kwao ni kukosa adabu, akavinyanyua mpaka kwenye paji la uso, akainama mara tatu taratibu, akavichomeka kwenye jivu kimoja kimoja. Pale kila mtu kimya. Kama dini yako haikuruhusu simama tu kwa heshima, inatosha.

Halafu uangalie mnara wa hapo hekaluni. Mita 57, ukihesabu kwa nje ghorofa 9 lakini ndani ni 17, na huu uliopo ulijengwa upya 1097 baada ya wa zamani kuungua. Jina Liurong ni miti sita ya jamii ya mkuyu, mshairi Su Dongpo alifika hapo mwaka 1100 akaipenda miti akaandika hayo maneno, jina likabaki.

Jirani kuna hekalu la Guangxiao lenye mnara wa chuma wa mwaka 963, usiuache. Na kwa Waislamu, msikiti wa Huaisheng, moja ya misikiti mikongwe kabisa China, uko hapohapo kwa mguu, kwa hiyo ukienda Ijumaa anza na mahekalu mapema ili adhuhuri ikukute umeshatia udhu.