Ukoka wa mbegu: usiuache ukafia njiani

Siku ya nane au ya kumi baada ya kumwaga mbegu, piga magoti pembeni ya bustani asubuhi, jua likiwa bado la upole, uinamishe kichwa karibu na udongo. Ukisimama wima huoni kitu. Ukiinama utaona nywele za kijani, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Huo ndio ukoka wako. Hapo hapo ndipo wengi wetu hapa Arusha na Moshi tunapouua, kisha tunalaumu mbegu.

Mbegu ya ukoka ni ndogo mno. Kilo 1 hutosha mita za mraba 100 hadi 200. Kwa udogo huo hufunikwa kwa udongo wa nusu sentimita tu, basi uhai wake wote uko kwenye ngozi ya juu ya ardhi. Ngozi hiyo ikikauka wakati mbegu imekwisha kupasuka, chipukizi hufa, na hata umwage tangi zima jioni haifufuki.

Kwa hiyo wiki mbili hadi tatu za mwanzo mwagilia kidogo kidogo, mara kwa mara. Moshi mjini, ambako joto ni kali, huenda ikawa mara tatu kwa siku. Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mara mbili mara nyingi hutosha. Lakini usifuate saa, fuata rangi ya udongo. Ukiwa na unyevu ni mweusi kama kahawa iliyokaangwa. Ukianza kupauka na kuwa wa kijivu, chukua maji. Zamu ya mwisho iwe alasiri, majani yapate kukauka kabla ya giza, maana miche inayolala imelowa hushikwa na ukungu ikaoza shinani.

Maji yenyewe yashuke kama manyunyu. Mara ya kwanza kuotesha ukoka, nilimwagilia kwa mpira mtupu, nimebana mdomo wake kwa kidole gumba. Wiki mbili baadaye ukoka ulikuwa umesongamana kwenye kona moja karibu na geti, na kwingine kote ardhi tupu. Maji yalikuwa yamesomba mbegu zote. Tangu hapo natumia keni yenye matundu madogo, na kwenye mteremko natandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, chache kiasi cha udongo kuonekana katikati yake.

Mvua nayo husomba vile vile. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anamwaga mbegu Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Afadhali mwanzo wa vuli, au mwishoni mwa Februari kama una maji ya uhakika, ili masika yaukute ukoka umeshika ardhi. Juni na Julai acha kabisa, hasa upande wa Arusha: ukoka hupenda joto, na baridi ile huifanya mbegu izubae ardhini.

Ukishaota sawasawa, badilisha mtindo. Punguza siku, ongeza kina: mwagilia kila baada ya siku mbili, kisha tatu, unyevu ufike sentimita 10 chini. Mizizi hufuata maji. Ukiendelea kunyunyiza juu juu, mizizi itabaki juu, na kiangazi kitaunguza kila kitu.

Ndago itatokea tu. Ing'oe kwa mkono udongo ukiwa laini, ukifuata kiazi chake chini, kwani ukikata majani peke yake itachipua tena. Dawa za magugu zisubiri hadi ukoka ukatwe mara tatu au nne. Kuku wafungiwe, watoto wachezee kwingine. Unyayo mmoja kwenye udongo mbichi huacha shimo na miche iliyovunjika.

Kata kwa mara ya kwanza ukoka ukifika sentimita 5 au 6, udongo ukiwa umekauka juu. Kwanza vuta jani moja taratibu: likitoka na mzizi wake, subiri wiki nyingine. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, na chombo kiwe kimenolewa. Fyekeo butu halikati, linang'oa.

Mbolea ya kukuzia usiikimbilie. Kati ya wiki ya nne na ya sita, urea kilo 1 kwa mita za mraba 100 inatosha. Irushe majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo, la sivyo chembe zitayababua.

Mapengo madogo kama kiganja yaache, ukoka hutambaa na kuyaziba wenyewe. Makubwa zaidi ya hapo yakwangue kwa reki, umwage mbegu tena au uchomeke vipandikizi kutoka pale ulipostawi, na sehemu hiyo uirudishe kwenye manyunyu ya kila siku.