Kufundisha Pasaka kwenye darasa mchanganyiko Zanzibar, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la tatu au la nne kwenye shule ya Kikristo Unguja au Pemba, ambako watoto wengi wakitoka shule jioni wanakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Wengi wetu tuliotoka Bara tumezoea kusimulia Pasaka kwa watoto waliokulia kanisani. Hapa nashauri jambo moja: simulia kisa chote mpaka kaburi tupu, usipunguze kitu, ila anzia kwenye kile ambacho mtoto amekwisha kukiona nyumbani kwao.

Hatua ya 1: Anza na mwezi

Mtoto wa Zanzibar anajua habari za mwezi kuandama kabla hajajua kusoma. Muulize: mbona Krismasi haihami, na Pasaka inahama? Andika ubaoni: mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 Aprili 20, 2026 Aprili 5. Kisha wape kanuni: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baadaye, kwa hesabu ya kanisa. Ndiyo maana haiji kabla ya Machi 22 wala haivuki Aprili 25.

Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, ambayo huwa katikati ya mwezi wao wa kuandama. Kwa hiyo usiku aliokamatwa Gethsemane mwezi ulikuwa mkubwa. Watoto wa pwani watakukamilishia wenyewe: mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yakipwa yanarudi mbali, mama zao wanashuka kutafuta pweza. Waache waseme, maana hapo wamekwisha kuuona usiku ule.

Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Ikitokea tena, weka kipindi asubuhi na usilete chakula darasani.

Hatua ya 2: Zungumza na wazazi mapema

Tuma ujumbe wiki mbili kabla. Eleza mtakachosimulia, na useme wazi kwamba hakuna mtoto atakayelazimishwa kusali wala kuimba. Bibi wa mtoto akitaka kuja kusikiliza, mpe kiti.

Hatua ya 3: Gawa kisa, lakini kimalize Alhamisi

Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, shule inafungwa. Ukisimulia msalaba Alhamisi halafu ukaacha ufufuo mpaka Jumanne, umewarudisha watoto nyumbani na maiti kwa siku nne. Usifanye hivyo.

Jumatatu simulia Yesu alivyoingia Yerusalemu. Leta ukindu mbichi, ule wa kusukia mikeka, kila mtoto apate chane mbili. Watazipishanisha, moja waizungushe kwenye makutano kwa mshazari mara mbili, kisha mshazari wa upande wa pili, na ncha waichomeke nyuma. Msalaba umepatikana. Asiyetaka msalaba asuke anachojua. Tawi lenyewe linatosha kwa siku hiyo.

Jumanne ni karamu ya mwisho na Gethsemane. Jumatano ni Pilato na msalaba, na hapo sema kwa ufupi: alihukumiwa bila kosa, alisulubiwa, mama yake alikuwapo, akafa. Mtoto wa miaka minane hahitaji maelezo marefu ya misumari.

Hatua ya 4: Kaburi

Hiki ni kipindi cha Alhamisi, na ndicho cha kukiandaa kuliko vyote. Kwanza uliza kwa siri kama kuna mtoto aliyefiwa karibuni, uzungumze naye kabla.

Leta kipande cha udi, kitambaa cheupe cha bafta, boksi na jiwe la matumbawe. Pitisha udi mkono kwa mkono bila kuuwasha. Kila mtoto anaijua harufu hiyo. Ameikuta kwenye chetezo siku ya harusi. Sasa wasomee Yohana 19: Nikodemo alileta manemane na udi, kiasi cha ratili mia. Waulize kwa nini mtu alete manukato mengi namna ile kwa aliyeuawa kama mhalifu. Nyamaza, ngoja majibu. Huwa wanajibu vizuri sana.

Kuzika haraka hakuwashangazi, maana hata kwao maiti haichelewi. Waambie Sabato ilikuwa inaingia, jua linazama, kaburi likafungwa kwa jiwe. Weka bafta ndani ya boksi, jiwe mlangoni. Usimfunge mtoto sanda hata kwa mchezo.

Halafu alfajiri ya Jumapili. Ondoa jiwe. Yohana 20 inasema vitambaa vilikuwa vimelala, na leso ya kichwani imezongwa peke yake mahali pake. Maria Magdalena analia, anamdhania Yesu kuwa mtunza bustani, mpaka anaposikia akiitwa kwa jina lake. Malizia hapo, bila mahubiri.

Hatua ya 5: Jiandae kwa swali lenyewe

Litakuja: "Mwalimu, chuoni tumefundishwa kwamba Nabii Isa hakusulubiwa." Jibu kwa utulivu: "Ndiyo, Waislamu wanaamini hivyo, na Kurani inasema hivyo. Sisi Wakristo tunaamini alikufa na akafufuka. Mimi naamini hivyo." Usibishane na mtoto, wala usimpinge ustadhi wake. Wala usifiche imani yako. Watoto wanatambua upesi mtu mzima anapokwepa.

Hatua ya 6: Baada ya likizo

Mayai ya rangi hayamo kwenye Injili, lakini watoto wanayapenda. Yachemshe na manjano au maganda ya vitunguu, wayachukue nyumbani.

Ukiwa Mjini, wapeleke Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana mahali palepale. Altare inasemekana ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Vyumba vya chini ambamo inasemekana walifungiwa watumwa viache mpaka wafike darasa la sita.

Ukitunga mtihani, andika "Wakristo wanaamini nini kilitokea siku ya tatu?" Swali hilo kila mtoto darasani anaweza kulijibu kwa haki na akapata alama zake zote.